Kosa la Winsome Pascoe

Kwa wiki sita Winsome Pascoe aliinywa chai ya Merv, na yeyote aliyewahi kuionja chai hiyo atakubali kwamba mwanamke yule alikuwa anaitafuta haki kwelikweli. Merv huchemsha majani mpaka yakate tamaa, hatii sukari, kisha huliacha birika lipoe. Kikombe kimoja kilikuwa adhabu ya kosa moja, na kosa lenyewe lilikuwa maneno matatu tu: "Kosa ni langu."

Nianzie nyuma kidogo. Mimi naitwa Glenys, nina saluni katika mji mdogo wa Huonville, na kwa miaka kumi na mmoja ya maisha yangu nilioka pai za matufaha bila mshahara katika shamba liitwalo Zizi la Wapole, juu kidogo ya mto. Watu wa jiji la Hobart walizinunua sokoni kila Jumamosi wakasema zimeokwa kwa upendo. Zilikuwa zimeokwa kwa hofu, ila ukiongeza mdalasini hofu haionekani.

Mkuu wa Zizi alikuwa Desmond Thrale. Zamani alikuwa fundi wa majokofu, mpaka siku moja, kichwa kikiwa ndani ya jokofu la mteja, akasikia sauti ikimwita. Mimi naamini ilikuwa mashine, lakini nani wa kubishana na mtu aliyeitwa? Akanunua shamba, akakusanya watu, akatuvua majina yetu na kutupa majina ya fadhila. Merv akaitwa Kiasi. Winsome akaitwa Utii. Mimi nikaitwa Shukrani, na mama yangu mzazi aliposikia alicheka mpaka akapaliwa. Desmond mwenyewe akajiita Baba Mlinzi. Sisi tulipewa fadhila, yeye akajichukulia cheo.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana palikuwa na Kikao. Kama umekosa, na hakuna aliyekuwa hajakosa, ulisimama, mikono nyuma, kidevu kifuani, ukasema, "Kosa ni langu." Baba Mlinzi aligonga meza kwa vifundo vya vidole, mara mbili, akasema, "Litaje!" Ukalitaja. Nasi wote tukaitikia kwa pamoja, "Na litoke!" Kisha adhabu. Tulifanya hivyo Jumapili baada ya Jumapili mpaka maneno yakaacha kupitia kichwani, yakawa yanatoka mdomoni moja kwa moja. Ulimi hauna mfupa, na wetu ulikuwa umefundishwa kama farasi wa gari.

Sasa sikia kosa la Winsome. Ni miaka kumi na mitano iliyopita. Baba Mlinzi alikuwa amesimama kichwani pa meza, bakuli la kastadi mbele yake, akituhubiria juu ya ulafi. Alipofika pale pa kupandisha sauti, meno yake ya juu yakatoka. Hayakudondoka tu, yaliruka. Yakatua juu ya kastadi, yakakaa pale yakitabasamu. Watu arobaini tukatazama sahani zetu. Mimi nililiuma shavu kwa ndani mpaka likatoa damu. Winsome akacheka.

Kilikuwa kicheko kizuri, chenye mlio, cha mtu aliyekihifadhi kwa miaka. Bintiye wa miaka minane alikuwa amelala na homa bweni la watoto, hakukisikia. Baba Mlinzi aliyachukua meno yake, akayapangusa kwa leso, akayarudisha, akamshika Winsome mkono na kutoka naye kupitia mlango wa jikoni. Nje ya jikoni kilikuwepo chumba cha barafu tulichohifadhia pai, alichokijenga kwa mikono yake mwenyewe, na mlango wake haukuwa na kitasa kwa ndani. Sikumwona akiufunga. Lakini nilijua wanaelekea wapi, nikala kastadi yangu. Nimeyaona mengi ya aibu maishani, na hilo ndilo langu.

Alikaa humo saa tatu, miguuni ana ndara za kitambaa zilizolowa maji ya kuoshea vyombo. Hospitali walimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Daktari akauliza, "Ilikuwaje, mama?" Desmond alikuwa amesimama kando ya kitanda, kofia kifuani. Winsome akajibu kama alivyozoea kujibu kila swali la mtu mwenye mamlaka. Daktari akaandika, Winsome akatia sahihi. Karatasi ile ipo mpaka leo: Kosa ni langu.

Mwaka uliofuata Merv, aliyekuwa dereva wa lori la Zizi, alipakia matufaha kwenda Hobart na katikati ya makreti akampakia Winsome. Hawakurudi. Mtoto alibaki na baba yake, na baba yake alikuwa mtu wa Desmond mpaka siku alipokufa. Jina la binti huyo ni Kimya. Ndiyo, Kimya, hivyo ndivyo alivyobatizwa siku aliyozaliwa akilia kwa sauti ya king'ora. Winsome alimwandikia kila mwezi kwa miaka kumi na minne. Barua zilirudi zimefungwa vilevile, na juu ya bahasha, kwanza kwa mwandiko wa mtoto, baadaye kwa mwandiko wa mtu mzima, yalikuwa maneno hayohayo: Ulijifungia mwenyewe.

Basi mwaka juzi polisi walipoanza kuuliza maswali, na mwaka huu Desmond aliposhtakiwa kwa kumfungia mtu na kumjeruhi, sisi wengine tulitaka afungwe. Winsome alitaka kitu kimoja. Alitaka Kimya aketi mahali asipoweza kuirudisha bahasha, asikie.

Mwendesha mashtaka, Bi Keogh, alituita ofisini kwake. Ni mwanamke mfupi anayeongea kama anakimbilia basi.

"Ushahidi wenu msiuzungumzie nyinyi kwa nyinyi. Hata neno moja. Wakili wa upande wa pili akijua mmefundishana, kesi imekwisha. Tumeelewana?"

"Kosa ni langu," alisema Winsome.

Bi Keogh akaweka kalamu chini. "Kosa gani, mama?"

"Sijui. Lolote."

"Unaona karatasi ya hospitali? Unaona tatizo letu?"

"Naona," alisema Winsome, machozi yakimlengalenga. "Kosa ni..." Akaziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Tulitii. Ushahidi hatukuugusa. Tulizungumzia siagi.

Kila Alhamisi saluni yangu ikifungwa saa nane, Winsome alikaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, Merv akavaa wigi, maana kwenye televisheni aliona mawakili wanavaa. Nilimpa la kahawia lenye mawimbi, nililomwagizia bibi harusi mmoja aliyeghairi.

"Bi Pascoe," alianza Merv kwa sauti nzito, "nani kamaliza siagi?"

"Kosa ni langu."

"Wewe siagi huli!"

"Basi kosa ni langu kwa kutokula."

"Kikombe!" nilisema mimi, na Merv akammiminia.

"Bi Pascoe, Jumapili mvua ilinyesha. Kwa nini?"

"Nilianika nguo. Kosa ni..."

"Kikombe!"

"Jamani, nimenyesha mvua mimi?" alilalamika Winsome baada ya kunywa. "Glenys, shoga yangu, hebu niache nipumue. Hiki ni cha tisa."

"Utapumua siku Desmond akifungwa. Merv, muulize la mpira."

"Bi Pascoe, timu yangu imefungwa wiki nne mfululizo. Nani wa kulaumiwa?"

Winsome akavuta pumzi. Akautazama ukuta. Midomo ikacheza. "Kocha," alisema.

Nilimkumbatia na kiti chake. Merv alivua wigi akaliinua juu kama kofia. Kufikia wiki ya sita, alikuwa anaweza kuulizwa maswali ishirini na kunywa kikombe kimoja tu, na alisema hata usingizini anaisikia ladha ya ile chai kila maneno yale yakimjia kooni.

Kesi ilianza Jumatatu, mahakamani Hobart. Jaji alikuwa mama mwenye miwani ya kamba. Wazee wa baraza walikuwa kumi na wawili, japo mzee mmoja alikuwa binti wa miaka ishirini mwenye nywele za buluu, kazi nzuri ya rangi, nilitamani kumuuliza alitengenezewa wapi. Desmond aliketi kizimbani katika suti safi, nywele nyeupe pe, mikono laini juu ya ubao wa mbele. Meno yake yalikuwa mapya. Nyuma yake, safu tatu, waliketi watu thelathini wa Zizi katika sweta za kijivu.

Kimya alikuwa safu ya kwanza. Nilimjua kwa kidevu cha mama yake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tangu tulipoingia hakutazama upande wetu. Shavu lake lilikuwa limevimba kidogo. Nikatazama mwingine, naye shavu limevimba. Wote thelathini walikuwa wanamumunya kitu. Harufu ilipotufikia nikaelewa: peremende. Desmond alikuwa amewagawia peremende kila mmoja, wasije wakafungua midomo.

"Mzee mjanja huyu," alininong'oneza Merv.

Kwanza walitusikilizisha kanda ya polisi. Sauti ya Desmond ilikuwa tamu kama ya babu anayetafuta miwani yake. "Mlinzi? Hapana, mimi ni mkulima tu. Sisi ni marafiki tunaopenda kuoka. Vikao vya kuungama? Ndiyo kwanza nasikia. 'Kosa ni langu'? Ni maneno ya unyenyekevu, lakini hayakuwa yetu. Dada yule alijifungia kwa bahati mbaya, nami nikampeleka hospitali mwenyewe. Muulizeni daktari."

Damu ilinichemka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini siku ile niliiona ndefu na ina lami.

Shahidi wa kwanza alikuwa Merv.

"Tafadhali taja jina lako kamili," alisema Bi Keogh.

"Mervyn Oakley, na niliiba mayai."

Jaji alishusha miwani. "Bwana Oakley, hujashtakiwa."

"Bado, mheshimiwa. Yalikuwa sita. Na mwaka uliofuata nilivuta sigara nyuma ya zizi la ng'ombe."

Hapo ndipo tulipojiaibisha. Sisi watu kumi wa zamani tuliokuwa upande wa wasikilizaji, bila kupanga, bila hata kutazamana, tuliitikia kama kitu kimoja: "Na litoke!"

Mzee wa baraza mwenye nywele za buluu akaruka kitini. Jaji akasema sauti nyingine ikisikika atatutoa wote nje. Lakini wakili wa Desmond, Bwana Pettifer, alikuwa ameshasimama. Alikuwa mrefu, hana hata unywele mmoja, na ana sauti ya mtu anayekuuzia godoro.

"Mheshimiwa jaji, naomba baraza lione jinsi kwaya hii ilivyofanya mazoezi. Wanajua wapi pa kuitikia. Na watazameni hawa upande wa pili, waliobaki shambani mpaka leo. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Kama ingekuwa desturi ya huko, si wangeitikia wao?"

Sweta za kijivu zikamumunya. Merv alirudi kuketi, uso mwekundu. Mimi nilipopanda nilijibu vizuri, kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira kwangu ni dawa. Nilisema nilichokiona na nilichokula. Bwana Pettifer aliniuliza swali moja tu: "Uliona nani aliufunga mlango?" Nikasema sikuona. "Asante," akasema, akaketi kwa adabu. Jioni ile Bi Keogh hakukimbilia basi. Alituambia pole pole kwamba kila kitu sasa ni Winsome na ile karatasi.

Jumanne asubuhi Winsome alipanda kizimba cha mashahidi akichechemea. Alikuwa amevaa gauni la zambarau, rangi iliyokatazwa Zizini, na nywele nilikuwa nimemtengeneza mwenyewe. Bi Keogh alimwongoza vizuri. Alieleza Kikao. Alieleza kugongwa kwa meza. Alipofika kwenye kicheko hakusema amecheka nini, alisema tu, "Nilicheka wakati wa mahubiri." Nadhani hata baada ya miaka yote ile alimwonea haya mzee wa watu. Wakati wote huo macho yake hayakutoka kwa Kimya, na macho ya Kimya hayakutoka sakafuni.

Kisha akasimama Pettifer.

"Bi Pascoe, pole kwa yaliyokupata. Milango ile mizito, huwa inajifunga yenyewe wakati mwingine, siyo?"

"Kos..." alianza Winsome.

Merv, aliyekuwa kando yangu, alichomoa chupa yake ya chai ndani ya koti akaisimamisha gotini, pale Winsome atakapoiona. Nilimkanyaga mguu, lakini nakiri ilifaa. Winsome aliitazama chupa, akameza mate kwa uchungu.

"Hapana, bwana. Ule haukujifunga. Ulifungwa."

"Ulikuwa umechoka siku ile?"

"Tulikuwa tumechoka kila siku."

"Uliingia kuchukua pai, labda?"

"Niliingizwa."

Alijibu maswali kumi na manne hivyo, nami nilikuwa ninayahesabu kwa vidole. Pettifer hakutikisika. Alichukua karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, akampelekea.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo."

"Hakuna aliyekushika mkono ukitia sahihi?"

"Hapana."

"Basi wasomee wazee wa baraza ulichomwambia daktari. Sentensi ile ya mwisho."

Winsome aliitazama karatasi. Mimi nilimwona anavyonywea. Aliyekuwa amesimama pale na gauni la zambarau akapungua, mabega yakashuka, mikono ikaenda nyuma yenyewe, kidevu kikaanguka kifuani. Alisoma kwa sauti isiyofika hata kwa karani.

"Samahani, Bi Pascoe," alisema Pettifer kwa upole mkubwa. "Wazee wa nyuma hawajasikia. Kwa sauti, tafadhali. Kama ulivyosema siku ile."

Nilifumba macho. Nilijua tumekwisha. Nikasikia sauti ya Winsome, si sauti ya saluni bali ile ya zamani, ya Jumapili, iliyonyooka na isiyo na mtu ndani yake.

"Kosa ni langu."

Na ubao ukagongwa mara mbili.

"Litaje!"

Nilifumbua macho. Haikutoka kwetu. Ilitoka kizimbani kwa mshtakiwa. Desmond Thrale alikuwa amekaa wima, uso mkali, vifundo vya vidole bado vimekaa juu ya ubao. Aliwagawia peremende watu thelathini, yeye mwenyewe akajisahau. Miaka thelathini alikuwa anatufundisha sisi, na muda wote huo alikuwa anajifundisha na yeye.

Desmond alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Pettifer alifumba macho, kama mtu aliyesikia sahani ikivunjika chumba cha pili.

Naye Winsome akainua kidevu. Taratibu. Alikuwa ameambiwa alitaje, na akalitaja.

"Nilicheka, Baba. Jumapili ile ulipokuwa unahubiri, meno yako ya juu yaliruka yakaingia kwenye kastadi, nami nikacheka. Ukanishika mkono, ukanipitisha jikoni, ukanisukuma kwenye chumba cha barafu na kuufunga mlango kwa mikono yako miwili. Uliniambia nicheke na pai. Nikapiga mlango mpaka nikachoka. Hilo ndilo kosa langu."

"Na litoke!"

Safari hii hatukuwa kumi. Safu tatu za sweta za kijivu zilikuwa zimefunguka midomo pamoja nasi, watu thelathini kwa sauti moja, na peremende moja ikaruka, ikabingirika sakafuni, ikapita mbele ya meza ya mawakili na kusimama chini ya kiti cha karani. Ni mmoja tu ambaye hakuitikia. Kimya alikuwa amegeuka kitini, anamtazama Desmond. Hakuwa anamtazama machoni. Alikuwa anamtazama meno.

"Nilikuwa nakohoa," alisema Desmond.

"Mshtakiwa akae kimya," alisema jaji, na sauti yake ilikuwa ikihangaika kubaki mahali pake. Yule mwenye nywele za buluu alikuwa anaandika kwa kasi kuliko karani.

Bi Keogh alipopewa nafasi ya kuuliza tena, aliuliza swali moja tu.

"Neno alilolisema mshtakiwa sasa hivi, ulilisikia mara ngapi?"

"Kila Jumapili," alisema Winsome. "Kwa miaka kumi."

Ijumaa wazee wa baraza walirudi na neno la hatia, na baadaye Desmond alipewa miaka minne. Mwisho wake ukawa huo. Nilidhani ningeruka ruka kwa furaha, na nilifurahi, sikatai, nilifunga saluni mchana kutwa. Lakini hukumu tuliyokuwa tunaingoja haikutolewa na wale kumi na wawili. Ilitoka Jumanne ileile, kwenye ukumbi wa nje, jaji alipoagiza mapumziko ya robo saa.

Winsome aliketi kwenye benchi, akavua kiatu cha kushoto akawa anausugua mguu. Mimi na Merv tulisimama kando yake. Mlango ukafunguka, akatoka Kimya. Alikuwa peke yake. Alikuja mpaka hatua mbili kutoka kwa mama yake, akasimama, mikono nyuma.

"Waliniambia ulijifungia mwenyewe," alisema.

"Najua, mwanangu. Ulikuwa unaniandikia."

Kimya alipepesa macho. Alitazama mguu usio na kiatu, na mahali pasipo na vidole. Alipatazama muda mrefu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayeomba kitu asichostahili:

"Mama. Meno yaliruka kweli?"

"Yaliruka."

"Yote?"

"Ya juu tu. Yalitua juu ya kastadi, yakakaa yanatutazama. Baba Mlinzi alituomba radhi sote kwa niaba ya kastadi."

Hilo la mwisho lilikuwa uongo mtupu, lakini hakuwa chini ya kiapo tena. Kimya alipeleka mkono mdomoni, kiganja chote, kama tulivyofundishwa sote, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Zizini ulikuwa huwezi kujua, kilio na kicheko vyote vilizibwa kwa mkono uleule. Winsome aliinuka, kiatu kimoja, akachechemea ile hatua ya kwanza, akachechemea ya pili, akaushika ule mkono kwa vidole viwili na kuushusha kutoka mdomoni, pole pole, kama anayemvua mtoto kofia.

"Cheka, mama," alimwambia. "Hapa hatufungiwi."

Na Kimya akacheka. Sijui jina lile alipewa na nani mwenye wazimu, maana kilikuwa kicheko cha mama yake hasa, chenye mlio, kikaenda mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi. Winsome akacheka naye huku machozi yanamtoka. Mimi nililia waziwazi na sikujali wanja. Askari wa mahakama alichungulia mlangoni, akatuona, akarudisha kichwa ndani.

Merv hawezi kuona watu wanalia bila kuwapa kitu. Alifungua chupa yake, akajaza kifuniko, akamkabidhi Kimya. Binti alishukuru, akanywa funda moja. Uso wake wote ukakunjamana.

"Jamani! Hii chai kaichemsha nani?"

"Kosa ni langu," alisema Merv.

Tulimtazama wote watatu, hakuna aliyembishia. Kimya akacheka tena, na safari hii mkono haukupanda mdomoni.